Usanifu na Matumizi ya Fonti za Kijiometri zenye Ncha za Mviringo katika Matini za Umma: Mfano wa Kisinga na Bwera, Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi fonti za kijiometri zenye ncha za mviringo zinavyosanifiwa, sababu zinazozifanya zipendwe, na mipaka ya matumizi yake katika matini za Kiswahili na Lhukonzo zinazosomwa na umma. Hoja kuu ni kwamba sifa mbili za fonti hizi, yaani ncha za mviringo na kiunzi cha kijiometri, zinapaswa kutenganishwa katika uchambuzi. Ncha za mviringo zina faida nyingi na madhara machache. Kiunzi cha kijiometri, kinachojenga herufi nyingi kutokana na duara moja na mstari mmoja, ndicho kinachopunguza tofauti baina ya herufi. Kwa kuwa Kiswahili hubeba tofauti kubwa za maana katika herufi moja tu, upungufu huo una uzito wa pekee katika matangazo ya afya na ya mpakani. Makala yanapendekeza jaribio jepesi la maneno ambalo mamlaka za umma zinaweza kulitumia kabla ya kuidhinisha fonti.

1.0 Utangulizi

Sera za lugha katika Afrika Mashariki zimeshughulikia kwa mapana swali la lugha ipi itumike shuleni, mahakamani, bungeni na hospitalini. Swali la umbo la herufi ambazo kwazo lugha hiyo humfikia msomaji limeachwa kwa wapiga chapa na kwa watengenezaji wa programu za kompyuta. Sababu moja ni ya kihistoria. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisanifisha tahajia ya Kiswahili kwa kutumia herufi za Kirumi za kawaida, bila alama za ziada juu wala chini ya herufi. Uamuzi huo ulirahisisha sana uchapaji, kwani matini ya Kiswahili iliweza kupangwa katika kiwanda chochote kilichokuwa na herufi za Kiingereza. Hata hivyo, urahisi huo umezaa dhana kwamba fonti yoyote inayofaa Kiingereza inafaa pia Kiswahili. Makala haya yanaihoji dhana hiyo.

Kwa madhumuni ya makala haya, fonti ni seti ya herufi, tarakimu na alama zilizosanifiwa kwa mtindo mmoja. Fonti isiyo na serifu ni ile isiyo na vijimstari vya pembeni mwa ncha za herufi. Fonti ya kijiometri ni ile ambayo herufi zake hujengwa kwa maumbo ya msingi ya jiometri, hasa duara na mstari mnyoofu. Fonti yenye ncha za mviringo ni ile ambayo kila mstari hukoma kwa nusu duara badala ya kukatwa wima. Fonti inayochambuliwa hapa huunganisha sifa hizi tatu.

2.0 Eneo la Mfano: Kisinga na Bwera

Kisinga ni mji mdogo wa Bukonzo, wilayani Kasese, chini ya miteremko ya milima ya Rwenzori. Bwera uko karibu na kituo cha mpaka cha Mpondwe, ng'ambo yake ikiwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lugha ya wenyeji walio wengi ni Lhukonzo, ambayo ina undugu wa karibu na Kinande kinachozungumzwa Beni na Butembo. Kiingereza hutumika ofisini, Runyoro-Rutooro ina wasemaji wake wilayani, na Kiswahili huwaunganisha wafanyabiashara, madereva, askari na wasafiri wa pande zote mbili za mpaka.

Hadhi ya Kiswahili katika eneo hili imeimarika kisheria na kisiasa. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huohuo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa upande wa lugha za wenyeji, mtaala uliozinduliwa mwaka 2007 uliweka lugha ya eneo kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza. Kwa hiyo msomaji wa Kisinga anaweza kuanza kusoma kwa Lhukonzo, akaendelea kwa Kiingereza, na kukutana na Kiswahili darasani, sokoni na mpakani.

Uzito wa matini za umma katika eneo hili ulidhihirika Juni 2019. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini ulikuwa ukiendelea; hadi ulipotangazwa kumalizika Juni 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Tarehe 9 Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na familia yake alifikishwa katika Hospitali ya Kagando, iliyoko Kisinga, ambako wahudumu wa afya walishuku ugonjwa huo. Alihamishiwa Bwera, na tarehe 11 Juni maambukizi yakathibitishwa. Haidaiwi hapa kwamba fonti iliokoa au ilipoteza maisha ya mtu yeyote katika tukio hilo. Linalodaiwa ni kwamba katika mazingira ya namna hiyo, ambako watu wenye viwango tofauti vya usomaji hulazimika kuelewa maagizo mafupi kwa haraka na kwa lugha ambayo huenda si yao ya kwanza, usomekaji wa kila herufi huwa sehemu ya huduma ya afya.

3.0 Misingi ya Usanifu

Fonti za kijiometri za karne ya 20 zina asili yake hasa Ujerumani ya miaka ya 1920. Mwaka 1925 Herbert Bayer, wa chuo cha Bauhaus, alianza kubuni alfabeti iliyojengwa kwa tao na mistari michache, bila herufi kubwa. Mwaka 1927 kampuni ya Bauer ya Frankfurt ilitoa Futura, iliyosanifiwa na Paul Renner. Baadhi ya herufi za michoro ya awali ya Renner zilifuata jiometri kwa ukali kiasi cha kutosomeka vizuri, na zilirekebishwa kabla ya fonti kupata umaarufu.

Marekebisho ya namna hiyo yanatokana na jinsi jicho linavyoona. Duara lenye kimo sawa na mraba huonekana dogo kuliko mraba huo. Hivyo msanifu hulivusha kidogo juu na chini ya mstari wa herufi. Mstari mlalo wenye unene sawa na wa wima huonekana mnene zaidi, hivyo hupunguzwa. Pale duara linapokutana na mstari wima hutokea giza. Hivyo maungio hukonda. Ncha ya mviringo nayo hufanya mstari uonekane mfupi. Hivyo hurefushwa kidogo. Fonti inayoonekana kuwa ya kijiometri kamili ni, kwa hakika, jiometri iliyosahihishwa.

Ncha za mviringo zina chimbuko tofauti. Zilikuwapo katika ufundi kabla ya kuingia katika uchapaji: kalamu yenye ncha ya duara, burashi ya duara, na mashine ya kuchonga vibao ambayo patasi yake huzunguka, zote huacha mwisho wa mviringo zenyewe. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Volkswagen ilitengenezewa fonti ya aina hii, iliyokuja kujulikana kama VAG Rounded, ambayo baadaye ilionekana pia kwenye vibonye vya kompyuta za Apple. Arial Rounded ilisambazwa pamoja na programu za ofisi za Microsoft. Katika karne hii ya 21 zimeongezeka fonti za bure kama vile Comfortaa ya Johan Aakerlund, Quicksand ya Andrew Paglinawan na Nunito ya Vernon Adams. Kwa kuwa hupatikana bila malipo, hizi ndizo zinazoelekea kufika haraka katika ofisi za wilaya, vibanda vya uchapaji na simu za mkononi.

Ulinganisho wa fonti tatu hizi unathibitisha umuhimu wa kutenganisha ncha na kiunzi. Zote zina ncha za mviringo. Lakini katika Comfortaa na Quicksand, herufi a ni duara lililoegemezwa kwenye mstari wima. Katika Nunito, a ina tao juu na tumbo chini, kama ilivyo katika magazeti na vitabu vingi. Fonti mbili zinaweza kufanana kwa ulaini wa ncha na kutofautiana kabisa katika kile kinachomsaidia msomaji kutambua herufi.

4.0 Matumizi Yanayofaa

Si sahihi kuzikataa fonti hizi kwa jumla. Unene wa mstari usiobadilika huzifanya zifae kuchongwa, kutariziwa, kukatwa kwenye plastiki ya kubandika na kuchorwa ukutani. Pembe kali ya herufi iliyokatwa kwenye plastiki huanza kubanduka mapema. Ncha ya mviringo hudumu zaidi. Fundi wa mabango anayetumia burashi anaweza kuiga herufi hizo bila kurudia kila pembe kwa burashi ndogo.

Zaidi ya ufundi, kuna suala la hisia. Herufi laini huonekana za kirafiki na zisizo za amri. Ndiyo maana hutumika sana katika majina ya vitabu vya watoto, nembo za kliniki, vituo vya chanjo na huduma za simu. Kwa jina fupi lililoandikwa kwa ukubwa, kama vile jina la zahanati juu ya mlango, msomaji ana nafasi na muda wa kutosha, na hatari ya kuchanganya herufi ni ndogo. Matatizo huanza fonti hiyohiyo inaposhushwa kutoka kwenye kichwa cha tangazo hadi kwenye maagizo yenyewe, ikapunguzwa ukubwa, ikapigwa fotokopi na kutumwa kama picha ya simu.

5.0 Kiunzi cha Kijiometri na Maumbo ya Maneno

5.1 Irabu a na o

Katika kiunzi cha kijiometri, o ni duara, na a ni duara lenye mstari wima upande wa kulia. Mstari huo ukififia, a huwa o. Katika Kiswahili irabu hizi mbili hutofautisha viashiria vya mahali: hapa na hapo. Bango la mpakani linalosema "Subiri hapa" na lile linalosema "Subiri hapo" huwapeleka watu mahali tofauti. Msemaji mzoefu husaidiwa na muktadha. Mgeni au msomaji anayeanza hutegemea herufi peke yake.

5.2 Herufi b, d na p

Herufi hizi tatu, pamoja na q, zinaweza kujengwa kwa umbo moja lililogeuzwa kushoto au kulia, juu au chini. Katika fonti za kitabu, msanifu huzitofautisha kwa unene wa tao na mahali tao linapoungana na wima. Fonti ya kijiometri huondoa tofauti hizo kwa makusudi. Matokeo yake ni kwamba baba, dada na papa huwa neno moja kwa umbo, lililogeuzwa tu. Vivyo hivyo doa na poa. Neno bodaboda, linaloonekana kila siku katika barabara ya kwenda Mpondwe, lina herufi nane, na zote nane hujengwa juu ya duara lilelile. Mtoto anayejifunza kusoma tayari huchanganya herufi zinazogeukiana. Fonti inayozifanya zifanane zaidi humwongezea kazi.

5.3 Mistari wima: I, l na 1

Neno Ilani ndilo kichwa cha matangazo mengi ya serikali. Katika fonti nyingi zisizo na serifu, herufi zake mbili za kwanza ni mistari miwili wima inayofuatana, isiyo na alama ya kuonyesha kwamba moja ni I kubwa na nyingine ni l ndogo. Tatizo hili huongezeka katika Lhukonzo, ambamo jozi lh hutumika kwa wingi, hata katika jina la lugha yenyewe na la mto na mji wa Lhubiriha. Neno lolote la herufi ndogo ambamo lh hutanguliwa na i huleta mistari mitatu wima mfululizo. Tarakimu 1 ikiwa nayo mstari mtupu, namba za simu za dharura, tarehe na vipimo vya dawa huingia katika mkanganyiko huohuo, kama ilivyo pia kwa 0 na O.

5.4 Nafasi baina ya herufi na upana wa maneno

Wasanifu wa matangazo hupenda kubana herufi za mviringo zikaribiane. Kwa kufanya hivyo, r na n zinazofuatana huonekana kama m, na neno karne husomeka kame. Kinyume chake, zikiachwa na nafasi yake ya asili, herufi za duara huchukua upana mkubwa. Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ambishi-bainishi, kina maneno marefu: walioambukizwa lina herufi 14, na tano kati yake, yaani a tatu, o moja na b moja, hujengwa kwa duara zima. Katika tangazo lenye lugha tatu au nne, upana huo hulazimisha ama kupunguza ukubwa wa herufi ama kufupisha ujumbe. Mara nyingi lugha inayopunguziwa ukubwa ni ile yenye maneno marefu.

5.5 Kibainishi cha ng'

Alama ya ritifaa katika ng' si pambo, hutofautisha sauti. Katika fonti nene yenye ncha za mviringo, ritifaa inaweza kuwa kama nukta ndogo iliyobanwa kati ya g na irabu. Ikifutika katika fotokopi, msomaji hubaki na ng ya kawaida, na ng'oa haitofautiani tena na ngoa.

5.6 Ncha zenyewe

Utafiti wa Daniel Fiset na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Psychological Science, ulionyesha kwamba mahali mistari inapokomea ni miongoni mwa sifa zinazotegemewa zaidi na msomaji katika kutambua herufi. Herufi c hutofautiana na o kwa sababu ina miisho miwili. E hutofautiana na o kwa mwisho mmoja na mstari wa kati. Ncha ya mviringo haiondoi mwisho wa mstari, ila katika uzito mnene na ukubwa mdogo huujongeza kuelekea upande wa pili na kuziba uwazi. Hivyo athari ya ncha ipo, lakini inaweza kudhibitiwa kwa kuchagua uzito wa wastani na ukubwa wa kutosha. Athari ya kiunzi haidhibitiwi kwa njia hiyo, kwa kuwa imo katika umbo la herufi.

6.0 Fonti Iliyoanzia kwa Msomaji: Andika

Mfano wa njia tofauti una jina la Kiswahili. Andika ni fonti isiyo na serifu iliyotengenezwa na shirika la SIL International kwa ajili ya kufundishia kusoma na kuandika. Usanifu wake ulianza na swali la herufi zipi huchanganywa na wasomaji wapya, kisha maumbo yakachaguliwa ili kupunguza mkanganyiko huo. I, l na 1 zimetofautishwa. Inatolewa kwa leseni huria, hivyo shule au ofisi ya wilaya inaweza kuitumia na kuisambaza bila malipo.

Andika inatumia a ya umbo la mwandiko wa mkono, kwa sababu mtoto anatarajiwa kuandika herufi aliyoisoma. Uamuzi huo unafaa kitabu cha darasa la kwanza. Kwa bango la mpakani linalosomwa na mtu mzima akiwa mbali, a yenye tao na tumbo inaweza kufaa zaidi, kwani haifanani na o hata inapofifia. Tofauti hii inaonyesha kwamba hakuna fonti moja iliyo bora kwa kila matini ya umma. Kilicho cha lazima ni kujua msomaji ni nani, yuko wapi, na kosa la kusoma litamgharimu nini.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, miongozo ya uchapishaji wa matini za umma itenganishe kichwa na maagizo. Fonti ya kijiometri yenye ncha za mviringo iruhusiwe katika nembo, majina na vichwa vikubwa. Maagizo ya afya, usalama, dawa na uhamiaji yapangwe kwa fonti ambayo herufi zake zinatofautiana waziwazi. Pale ambapo taasisi inataka mwonekano laini, ichague fonti yenye ncha za mviringo isiyo na kiunzi kikali cha kijiometri.

Pili, kabla ya kuidhinisha fonti, maneno yafuatayo yachapishwe kwa ukubwa mdogo kabisa utakaotumika: Ilani, hapa, hapo, baba, dada, papa, karne, kame, ng'oa, ngoa, Lhukonzo, Lhubiriha, na tarakimu 0, 1, 3, 6, 8, 9. Karatasi hiyo ipigwe fotokopi, nakala ipigwe fotokopi tena, kisha ipigwe picha kwa simu ya kawaida na kutumwa. Wasomaji ambao hawajaiona orodha waisome kwa sauti, neno moja moja na bila kufuata mpangilio. Neno linalokosewa linaonyesha herufi yenye tatizo. Jaribio hili halihitaji maabara. Linaweza kufanywa katika ofisi ya elimu au ya afya ya wilaya kwa muda wa asubuhi moja.

Tatu, orodha ya maneno iandaliwe kwa kila lugha. Ya Lhukonzo iandaliwe na walimu na waandishi wa Lhukonzo, kwa kuwa wao ndio wajuao jozi za maneno zinazochanganywa katika lugha yao. Orodha ya Kiingereza haiwezi kuwa kipimo cha lugha nyingine.

Nne, katika matangazo ya lugha nyingi, ukubwa wa herufi uamuliwe kwa kuanzia na lugha yenye maneno marefu, na lugha nyingine zifuate ukubwa huo.

8.0 Hitimisho

Fonti za kijiometri zenye ncha za mviringo zimepata nafasi yake kwa haki: ni rahisi kuchonga na kuchora, zinavutia, na nyingi hupatikana bure. Makala yameonyesha kwamba ulaini wa ncha zake hauna budi kutazamwa kando na kiunzi chake, na kwamba kiunzi hicho kinagusa hasa maeneo ambamo Kiswahili na Lhukonzo hutegemea herufi moja kutofautisha maana. Huko Kisinga na Bwera, tangazo moja linaweza kusomwa na mkulima wa Bukonzo, mchuuzi wa Butembo na muuguzi wa zamu katika siku moja. Mamlaka inayoandaa tangazo hilo kwa kawaida hulipa gharama ya tafsiri. Inapasa pia ihakikishe kwamba tafsiri hiyo inasomeka jinsi ilivyoandikwa, na kwamba anayeambiwa asubiri hapa hatasubiri hapo.